Mbwa Kiziwi na Hodi ya Mguu

Rafiki zangu wananiita mstaafu kwa kunitania. Umri wa kustaafu sijaufikia, lakini kazi ya uafisa mifugo nimeiacha, na siku hizi vijana wanaopangiwa kata za Simiyu wakitoka chuoni hupitia kwenye duka langu la dawa za mifugo hapa Bariadi kuniuliza maswali. Dada, kata gani haina tabu? Dada, ni kweli kijijini watatuita madaktari? Ni kweli. Watakuita daktari kabla hujashuka kwenye pikipiki, na ukitaka kuwaeleza tofauti ya shahada yako na ya daktari wa mifugo utazeeka hapo hapo barabarani. Itika, uende ukamwone ng'ombe.

Mengine huwa nayajibu kwa mdomo. Habari ya mbwa mweupe wa Bwana Salum nimeona niiandike, kwa sababu kila nikiisimulia naikatiza mwenyewe katikati kwa kubishana na nafsi yangu.

Mjue kwanza nilivyokuwa. Nilitoka chuo kikuu mbishi, na sijapona. Mfugaji akiniambia ng'ombe wake amepigwa jicho, nauliza nani aliona. Kitabu kikisema dozi fulani, nauliza walimpima ng'ombe wa nani, wa Ulaya aliyeshiba au huyu wetu wa kiangazi. Mkuu wangu wa kazi, Mzee Masanja, alikuwa amezunguka vijiji vya huku tangu enzi za baiskeli, na mimi ndiye niliyemnyima amani miaka yake ya mwisho kazini.

"Wewe binti," aliniambia siku moja, "ukifika mbinguni utamwomba malaika kitambulisho."

Nikamjibu kwamba ndiyo, nitamwomba.

Mzee Masanja ndiye aliyenifundisha namna ya kumshughulikia mtu anayetaka mnyama wake auawe. Kumbukeni hili, maana mtaombwa. Kuna mtu alikuja kutaka punda wake achomwe sindano ya kufa kwa kosa la kumpiga teke mkwe wake mbele ya wageni. Mzee Masanja alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Dawa haijafika." Juma lililofuata tukamkuta punda anabeba maji na mwenyewe anamsifu. "Mnyama usimchome wakati mwenye mali ana hasira," Mzee Masanja aliniambia tukirudi. "Muache apoe. Akipoa bado anataka, hapo mtazungumza."

Sasa Bwana Salum. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale mjini, mzaliwa wa Kondoa aliyehamia Bariadi akiwa kijana. Mtu wa maneno machache na bei moja. Mguu wake wa kulia uliwahi kuvunjika, ukaungwa vibaya, kwa hiyo akitembea anakanyaga mmoja na kuuvuta mwingine. Nyuma ya duka lake kulikuwa na ua uliomwagwa mchanga na kokoto za kuuza, na humo ndimo alimoishi Simba, mbwa mkubwa mweupe mwenye doa jeusi juu ya jicho moja.

Wezi waliruka ukuta wakabeba mabati. Simba alikuwa amelala karibu na rundo lenyewe. Waliyavuta yale mabati juu ya kokoto, na mnajua bati likivutwa juu ya kokoto linavyolia, mbwa asifungue jicho. Asubuhi Bwana Salum akanipigia simu.

"Daktari, njoo na sindano."

Nikamwambia dawa haijafika.

"Dawa niliiona kwenye friji yako juzi," akasema. "Usinifanye mtoto."

Ndiyo maana nawaambia mbinu za wazee zina umri wake. Siku hizi watu wanapiga picha kinyesi cha ndama na kukitumia kwenye simu yako ukiwa unakula. Friji yako nayo wanaijua. Basi nikaenda, na sindano kwenye mkoba, maana sikutaka kumdanganya mara mbili.

"Huyu ana kiburi," Bwana Salum alisema akiwa amesimama mlangoni mwa ua. "Toka nimchukue. Narudi nyumbani, namwita, hageuki. Mbwa wa watu wanawapokea wenyewe kwa mkia. Huyu mpaka nimzunguke nije mbele yake. Mimi namlisha, yeye ananipa mgongo."

Nikauliza kama amewahi kufikiri kwamba huenda hasikii.

"Anasikia. Tazama." Akachukua sufuria na mwiko, akamwendea kwa nyuma, akagonga. Simba akageuka. "Umeona? Akitaka anasikia."

Ingekuwa siku nyingine ningekubali, lakini jua lilikuwa mgongoni kwa Bwana Salum na kivuli chake kilikuwa kimempita mbwa kichwani. Kiligeuka kivuli, akageuka mbwa. Nikamwomba tusubiri. Simba alipojilaza tena, nikazunguka upande ambao kivuli changu kilianguka nyuma yangu na upepo ulitoka kwake kuja kwangu. Nikawaomba vijana wa dukani wanyanyue bati moja na kuliangusha juu ya mengine.

Kuku waliruka. Mteja aliyekuwa akichagua misumari aliiacha ikamwagika. Mimi mwenyewe niliyeagiza nilishtuka. Simba aliendelea kujilamba mguu, taratibu, kama aliye peke yake duniani.

Nimeona mengi, lakini ule utulivu ulinikaa moyoni. Kelele zote zile zilimpita kama zimetokea mkoa mwingine. Bwana Salum aliiweka sufuria chini.

"Miaka yote hii," akasema.

"Miaka yote."

Nilidhani tumemaliza. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu akipoa si lazima abadili nia. "Sasa ndiyo kabisa," alisema. "Mbwa wa kulinda asiyesikia nitampeleka wapi? Nimeshaagiza mwingine Mwanza, na ua ni mmoja." Nikamwambia nitamtafutia watu wa kumchukua. Akakataa, na sababu yake sikuitegemea hata kidogo.

"Nikimpa mtu mbwa mbovu, mji mzima utasema Salum hata mabati yake ni ya hivyo hivyo. Sijawahi kumpa mtu kitu kibovu. Bora afe kwangu."

Tulibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Mwisho alinipa nafasi: mpaka mbwa mpya afike, na kila nitakayempelekea Simba aambiwe ubovu wote kabla hajampokea. Mbwa mpya akifika bila Simba kupata kwao, nirudi na mkoba wangu, na nisimwambie habari za dawa kutofika.

Nilimwanzia Mzee Luhende, mfugaji wa upande wa Ngulyati, mwenye ng'ombe wengi na roho nzuri. Nilimweleza kila kitu. Akacheka, akasema mbwa mkubwa namna hii hata fisi akimuona tu atafikiri mara mbili. Hakukaa naye juma zima. Wachungaji wa huku huwaongoza mbwa kwa miluzi: mmoja wa kurudi, mwingine wa kuzunguka kundi. Nilipoitwa kwenda kumchukua, mzee alikuwa amejishika kiuno.

"Daktari, mbwa wako ana tabia njema sana. Fisi akija atamkaribisha akae."

"Amefanya nini?"

"Amemfuata sungura. Nimepiga mluzi mpaka mbwa wa majirani wote wamekuja. Wako ndiye pekee ambaye hakuja."

Nikampakia Simba kwenye tenga nyuma ya pikipiki. Bwana Salum alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba mbwa wa Mwanza ameshalipiwa, anasubiri usafiri. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na mpango. Nilikuwa na chanjo ya mdondo kwenye kasha la barafu, na nilikuwa nimeahidi kupita kuchanja kuku wa Mayu Kabula (mayu ni mama kwa Kisukuma), mwenye mashine ya kusaga pale pale Ngulyati. Barafu inayoyeyuka haisubiri huzuni ya mtu. Nikapita.

Mayu Kabula na mumewe Limbu wanasaga mahindi ya kijiji kizima kwa injini ya dizeli iliyofungwa kwenye sakafu nene ya saruji. Limbu huongea kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, hata mezani, hata akikunong'oneza. Tulisalimiana nje kwa Kisukuma, ambako mhola ni salama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, daktari. Mhola?"

"Mhola tu."

"Mbona sura si ya mhola?" akauliza, lakini Limbu alikuwa ameshawasha injini, na mazungumzo yakaishia hapo. Nikamfunga Simba kwenye nguzo, nikaanza kuku: tone moja jichoni, subiri apepese, mwachie. Nilipoinua kichwa, kamba ilikuwa imebaki na nguzo tu.

Mbwa wa kijiji injini ikiwaka hukimbia. Hilo mtaliona kila penye mashine. Simba alikuwa amekwenda kinyume. Alikuwa amepita katikati ya kina mama na ndoo zao, ameingia ndani, amejilaza sakafuni hatua chache kutoka kwenye injini, kidevu na tumbo vyote vimegusa saruji. Macho ameyafumba. Sakafu ile ikitetemeka unaisikia kwenye meno. Yeye alikuwa amejilegeza kama mtu aliyetoka kwenye baridi akaingia jikoni. Niliyemjua mimi alikuwa mbwa wa kugeuka geuka, wa kuchunguza kila upande kwa sababu hajui nini kinakuja nyuma yake. Huyu hakugeuka. Dunia ilikuwa inamfikia kwa mara ya kwanza, kupitia tumbo.

Nikamkimbilia kumtoa, nikamkuta Mayu Kabula amenitangulia. Alisimama mbele yake, na Simba alipofumbua macho akamwonesha kiganja, akakisukuma upande: sogea. Ndiyo ishara anayompa mteja aliyesimama kwenye njia ya ndoo. Simba akasogea. Akamshushia kiganja chini, ishara anayompa Limbu ya kupunguza mahindi. Simba akalala.

Nilibaki mlangoni na kichupa cha chanjo mkononi. Nilitazama vizuri, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita kila nilipofika pale: hakuna aliyekuwa akiongea. Mama wa kwanza kwenye foleni aliinua ngumi, ndoo imejaa. Limbu alisugua vidole, unga mzito, urudiwe. Msichana akagusa shavu kwa kiganja, akimaanisha bibi yake anaumwa na anaomba apite mbele, na wenzake wakampisha. Kijiji kizima kilikuwa na lugha ya mikono na uso, na kilikuwa kikiitumia kila siku bila kuipa jina. Mbwa yule aliishi miaka akiongeleshwa na midomo. Siku hiyo alikuwa ameingia kwenye chumba ambamo kila mtu alisema kwa namna anayoielewa.

Injini ilipozimwa Mayu Kabula alisema, "Huyu ni wa nani?"

Nikamweleza ubovu wote, kama nilivyoahidi. Nikaongeza wangu: vumbi la unga, mkanda wa injini usiokuwa na kizuizi, watu wanaopita na mizigo. Nikasema kwamba kwa kweli mimi mwenyewe simshauri. Mbwa asiyesikia kwenye mashine ataumia.

Alinitazama kwa huruma. "Daktari, humu ndani nani anasikia?"

Limbu akapiga kelele za kawaida yake, "Mimi sikio la kushoto nimeliacha humu. Nikiliona nitakuambia."

Sikukubali siku ile. Mnanijua. Nilimwacha kwa majaribio, nikarudi bila kutoa taarifa, tena na tena, nikisema napita tu. Mara ya kwanza nilikuta Limbu amechomelea wavu wa chuma kuzunguka mkanda, jambo ambalo kina mama walikuwa wamelililia muda mrefu kwa ajili ya kanga zao. "Mbwa amepata kwa siku moja," mmoja wao alisema, "sisi tungeota mikia." Mara ya pili nilileta kengele ya mbuzi ya kumfunga shingoni, maana kitabu kinasema mbwa kiziwi avishwe kengele ili watu wajue alipo.

"Kengele ya nani?" Mayu Kabula akauliza akiigeuza mkononi. "Yeye hasikii, sisi hatusikii."

Akamfunga kitambaa chekundu. Kengele akampa mbuzi.

Jina nalo lilibadilika. Pale mashineni anaitwa kwa vidole viwili juu ya jicho, penye lile doa. Siwezi kuliandika. Ukitaka kumwita sharti akuone, na ukitaka akuone akiwa amelala, unabisha hodi: unakanyaga saruji kwa mguu mara moja, kwa upole, naye anainuka akikutafuta. Mbwa kiziwi akiguswa ghafla usingizini anaweza kumng'ata hata anayempenda. Hilo shikeni, lina faida. Mayu Kabula alilijua bila mimi. Wateja wapya walifundishwa hodi ya mguu kabla ya kuoneshwa pa kuweka ndoo.

Nilimwambia Bwana Salum nimepata watu. Akaniambia mbwa wa Mwanza anashuka stendi kesho yake, na kwamba maneno yangu hayatoshi. Yeye ndiye mwenye jina la kuchafuka. Atakwenda kuwaambia mwenyewe, na wakionekana kumpokea kwa haya au kwa kunihurumia mimi, atamrudisha, na mimi najua kilichobaki. Nikampakia Bwana Salum kwenye pikipiki. Mkoba ulikuwa umening'inia begani kwangu, na sindano haikuwa imetoka tangu siku ile.

Tulifika mashine ikiwa imezimwa, saa za joto, watu wamekaa kivulini wakisubiri Limbu aongeze mafuta. Simba alikuwa amelala ndani katikati ya sakafu, mgongo ameupa mlango. Ule ule mgongo. Bwana Salum alisimama mlangoni akautazama, na uso wake ukafunga.

"Bado ni yule yule," akasema.

Mayu Kabula alimkaribisha kwa heshima, "Karibu, baba." Bwana Salum hakuingia. Alisimama pale pale akaanza kumweleza, kama anavyomweleza fundi kasoro ya bati lililokunjika: huyu mbwa hasikii. Halindi. Wezi walipita juu yake. Hajui mluzi. Ukimwita haji. Ukirudi nyumbani hakupokei. "Sikuja kusifia," akasema. "Nimekuja ujue unachochukua, usije ukasema Salum alikuficha."

"Nimekusikia, baba," Mayu Kabula alisema. "Kama unaniuliza, namtaka. Kama unamtaka wewe, ni wako. Ila ukiingia ndani..."

Alitaka kumwambia abishe hodi kwanza. Bwana Salum alikuwa ameshapandisha mguu kwenye sakafu. Akakanyaga mmoja, akauvuta mwingine. Akakanyaga, akauvuta.

Simba aliinua kichwa. Hakugeuka. Alikaa hivyo, shingo imenyooka, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Bwana Salum akakanyaga tena, akauvuta. Mbwa akainuka mara moja, akazunguka, mkia ukaanza kupiga kabla macho hayajamfikia, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ule mguu mbovu, akausukuma kwa kichwa, akaulamba, akauzunguka, akausukuma tena.

Pale mjini mbwa alipokuwa akimsubiri, ua ulikuwa wa mchanga na kokoto. Hatua za Bwana Salum hazikuwahi kumfikia. Lakini kila alipotembea mbele yake kwenda dukani na kurudi, mbwa alikuwa ameutazama ule mguu, mmoja unakanyaga, mwingine unavutwa, na sasa sakafu ilikuwa imemletea kitu kile kile kutoka nyuma. Hivyo ndivyo ninavyofikiri. Inawezekana ilikuwa harufu. Upepo sikuupima. Nilijua la kufanya: nimtoe Bwana Salum nje, mbwa alale tena, aingie mtu mwingine kwanza, kisha yeye, kutoka upande wa pili. Mdomo nilishaufungua.

Bwana Salum alikuwa amechuchumaa, jambo ambalo kwa mguu ule si rahisi, mkono wake juu ya kichwa cheupe, na uso ameuinamisha wasimwone. Nikaufunga mdomo. Ni jaribio pekee maishani mwangu ambalo sikulirudia, na hadi leo silijutii, ingawa linanisumbua.

Limbu akaliweka dumu la mafuta chini taratibu.

Baadaye Bwana Salum aliinuka kwa kushika ukuta, akajipangusa unga, akamwambia Mayu Kabula kwamba atamletea mabati mawili ya kibanda cha mbwa, mapya, yasiyo na mkunjo. Akamwambia amlishe jioni, si asubuhi, asubuhi hali. Mayu Kabula akaitikia kila neno. Hakumwambia kwamba mbwa huyo pale kwao anakula asubuhi na jioni na kila anayesaga akimrushia pumba.

Mimi nikatoka kuwasha pikipiki. Sindano niliitoa kwenye mkoba jioni ile, nikaiharibu kwa utaratibu wake. Nilipogeuka kumwita Bwana Salum nikamkuta amefika ukingoni mwa sakafu, mguu mmoja umeshashuka kwenye udongo. Simba alikuwa amejilaza tena pale pale katikati, mgongo ameupa mlango.

Bwana Salum alisita. Akaurudisha ule mguu juu ya saruji, akakanyaga mara moja, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba anayoiheshimu.

Mbwa akainua kichwa.